Mpangaji wa mapigano naye atajwe

Ndugu Mhariri,

Makala ya ukurasa wenu wa burudani kuhusu filamu za zamani za kung fu imetoa madai mawili yasiyoiva chungu kimoja. La kwanza ni kwamba ngumi na mateke ya filamu hizo ni changa la macho, picha zilikimbizwa tu. La pili ni kwamba masteringi wake walikuwa wapiganaji ambao hawajapata kutokea tena. Mwandishi ameyashika yote mawili bila kuona mgongano, kwa sababu hakumtaja hata mara moja mtu ambaye kazi yake ndiyo inayoyapatanisha: mpangaji wa mapigano. Huyu ndiye anayeamua nani apige wapi, kwa mkono upi, kamera isimame wapi na kipande kikatwe wapi. Tunaomba nafasi ya kueleza kazi yake, kwa kuwa bila yeye huwezi kujua lipi katika filamu hizo ni ufundi na lipi ni hila.

Tuanze na kukimbiza picha. Ni kweli kulifanyika. Filamu huonyeshwa kwa fremu 24 kwa sekunde. Kamera ikipunguzwa ichukue fremu 22, kisha mkanda ukaonyeshwa kwa 24, mwendo unaongezeka kwa asilimia 9 hivi. Ikichukua 20, unaongezeka kwa asilimia 20. Ikichukua 18 ni theluthi nzima, na hapo watu wanaanza kutembea kama wale wa filamu bubu, hata mtoto anacheka. Lakini kasi hiyo haimwokoi asiyejua. Teke linalokwenda mrama kwa fremu 24 litakwenda mrama upesi zaidi kwa fremu 20. Mguu uliopoteza mizani hauipati kwa kukimbizwa. Unachopata kwa kupunguza fremu ni kuziba ile sehemu ndogo ya sekunde ambayo mtu huipoteza anapojizuia asimuumize mwenzake. Zaidi ya hapo, unaongeza haraka tu, huongezi ubora.

Anayetaka kuligundua hilo asimtazame mpiganaji. Atazame kitu kisichofanya mazoezi: vumbi linalotua, maji yaliyomwagika, upindo wa joho, watazamaji waliosimama nyuma ya pambano. Kitu kinachodondoka ndicho shahidi bora, maana kwa fremu 20 kitaonekana kuvutwa na ardhi kwa nguvu mara 1.44 ya kawaida. Bakuli likifika chini kabla jicho halijalitarajia, kamera ilipunguzwa. Likishuka kwa mwendo wake, basi mikono unayoiona ina kasi ile ile iliyokuwa nayo siku ile.

Hila kubwa kuliko kasi, ambayo makala haikuigusa kabisa, ni mahali pa kamera. Ngumi ya usoni haigusi uso. Inapita mbele yake, umbali wa shibiri au pungufu, na kamera inasimama mahali ambapo ngumi na uso vinaangukia mstari mmoja wa macho: nyuma ya bega la mpigaji, au nyuma ya kisogo cha mpigwaji. Lenzi ndefu inasaidia kwa kuwa inabana umbali kati ya kilicho mbele na kilicho nyuma. Ukiiweka kamera ubavuni, uwazi unaonekana mara moja. Tena utaona kosa linaloharibu mapigano mengi ya bei rahisi, yaani kichwa cha mpigwaji kugeuka kabla ngumi haijafika. Ana haraka ya kujiokoa. Kosa la pili ni kinyume chake: anachelewa, kisha anaanguka kwa nguvu isiyolingana na pigo.

Mapigo ya mwilini na kinga za mikono ni habari nyingine. Hayo yaligusana kweli, kigasha kwa kigasha, kutwa nzima, na mikono mirefu ya mavazi ya enzi za Qing, utawala wa mwisho wa wafalme wa China, ilikuwa na faida yake: ilificha vitambaa vya kinga. Ndiyo sababu pambano lililopangwa vizuri lina kinga nyingi kuliko mapigo yanayofika. Kinga inaweza kuwa ya kweli na kuonyeshwa kutoka pembe yoyote, wakati ngumi ya usoni ina pembe chache tu za kuaminika.

Sasa tufike kwenye desturi ya Hong Kong yenyewe. Hollywood kwa kawaida hupiga picha pambano zima kutoka pembe kadhaa, halafu mhariri wa picha akachagua mezani. Hong Kong pambano lilikatwa vipande kabla kamera haijawashwa. Mapigo manne, sita, pengine kumi, yanafanyiwa mazoezi na kupigwa picha kutoka pembe moja iliyochaguliwa kwa ajili ya mapigo hayo peke yake, kisha kamera inahama. Akiba hakuna. Katika vipande hivyo mpangaji ndiye anayeamuru kamera, na mwongozaji mkuu mara nyingi anakaa pembeni. Kila kipande lazima kianzie pale pale kilipoishia kilichotangulia: mguu ule ule mbele, mkono ule ule juu, uzito wa mwili upande ule ule. Mtu akimaliza teke akiwa amesimama kwa mguu wa kushoto, halafu picha inayofuata ikamkuta amesimama kwa wa kulia, kiungo kimekatika. Mtazamaji huenda asijue kasoro ni nini, lakini pambano linamtoka.

Kisha kuna kutua, yaani kusimama kidogo katikati ya pambano. Mapigo matano, wawili wameganda katika mkao kwa chini ya sekunde moja, halafu mapigo saba. Desturi hii ilitoka kwenye jukwaa la opera ya Beijing, ambako mchezaji huganda huku ngoma na matoazi vikimpigia, ili hadhira ione mkao kabla haujavunjwa. Ondoa kutua huko na baada ya nusu dakika jicho halihesabu tena, linaona mikono tu. Filamu nyingi za mapigano za siku hizi zina ugonjwa huo, na si kwamba waigizaji wake ni wavivu. Hakuna aliyepewa mamlaka ya kusema simama.

Vumbi na sauti tuvipite haraka. Unga mweupe ulipakwa juu ya nguo ili pigo likifika uruke na jicho lijue ni wapi limetua. Unga ukisharuka umekwisha, unapakwa upya, na hiyo ni sababu nyingine ya vipande kuwa vifupi. Sauti haikurekodiwa wakati wa kupiga picha. Maneno, mivumo ya mikono na vishindo vyote viliwekwa baadaye, hata katika matoleo ya Kichina, kwa hiyo midomo isiyolingana na maneno haikuanza na tafsiri za Kiingereza. Katika Enter the Dragon, filamu ya Bruce Lee, mwigizaji Shih Kien anaonekana akizungumza Kiingereza lakini sauti ni ya mwigizaji mwingine, Keye Luke. Mvumo ni wa mkono unaopita hewani na kishindo ni cha pigo lililofika. Kishindo kikichelewa fremu nne, ambazo ni sehemu moja ya sita ya sekunde, pigo linaonekana kumfikia mtu mwingine.

Wapangaji hawa walitoka wapi? Hapa ndipo makala iliporuka miaka zaidi ya 20, ikaanza na Bruce Lee kana kwamba kabla yake palikuwa giza. Mwaka 1949 Hong Kong ilitoka filamu ya kwanza katika mfululizo wa Wong Fei-hung, ikiongozwa na Wu Pang, na Kwan Tak-hing akicheza kama Wong, mganga na mwalimu wa kung fu wa Foshan aliyefariki 1925. Kwan aliendelea na nafasi hiyo katika filamu zaidi ya 70, na Shih Kien huyo huyo akiwa adui wake wa kudumu. Lengo lilikuwa kuonyesha mtindo wa kusini ulivyo, Hung Gar wenye mikao ya chini na mikono mizito, badala ya mapigano ya jukwaani. Miongoni mwa waliocheza humo ni Lau Cham, mwanafunzi wa Lam Sai-wing, ambaye naye alikuwa mwanafunzi wa Wong mwenyewe. Mtoto wa Lau Cham ni Lau Kar-leung, mpangaji ambaye baadaye alikuwa mwongozaji. Mtu asiyeijua silsila hii hawezi kueleza kwa nini filamu za Lau miaka 30 baadaye zinamchukulia mwalimu kwa uzito kuliko kisasi.

Mkondo wa pili ni wa opera yenyewe. Han Ying-chieh alitoka huko, na ndiye aliyempangia mwongozaji King Hu mapigano ya Come Drink with Me mwaka 1966, ambamo steringi ni mwanamke, Cheng Pei-pei, aliyesomea densi ya baleti. King Hu alijua Cheng si mpiganaji na hakujifanya hajui. Alimpa utulivu, mgeuko wa kichwa, hatua tatu na upanga, kisha akakata. Katika filamu yake nyingine, A Touch of Zen, pambano la msitu wa mianzi lina mruko kutoka juu ya miti ambao hakuna binadamu anayeweza kuufanya. Umejengwa kwa vipande vifupi mno, mguu hapa, nguo kule, mwanga kati ya mianzi, na akili ya mtazamaji inaumalizia. Filamu hiyo ilipata tuzo ya ufundi Cannes mwaka 1975. Hilo nalo ni changa la macho, bila shaka, lakini ni la aina iliyohitaji akili kuliko misuli.

Mruko wa kawaida zaidi ulikuwa wa trampolini. Dalili zake: unaona miguu ikitoka chini ya picha, halafu mwili ukiwa hewani, halafu mtu anatua, vipande vitatu, na pale anaporukia hapaonyeshwi kamwe. Waya una dalili nyingine. Mwili uliorushwa na trampolini hupanda upesi, hupunguza mwendo juu, kisha hushuka kwa mkunjo. Uliovutwa na waya hwenda kwa mwendo mmoja, tena nyonga inatangulia kwa kuwa ndipo kamba ilipofungwa, huku kichwa na miguu vikifuata. Ni misuli ya tumbo ndiyo inayoficha hali hiyo, na asiye nayo huning'inia. Nguo ikituna kiunoni bila sababu, tafuta waya.

Pale Shaw Brothers, studio kubwa ya filamu ya Hong Kong, Lau Kar-leung na Tong Gai ndio waliompangia mwongozaji Chang Cheh mapigano kwa miaka, ikiwemo The One-Armed Swordsman ya 1967 iliyomtoa Jimmy Wang Yu. Mkono mmoja ulikuwa tatizo la kupanga kabla ya kuwa hadithi. Mwenye mkono mmoja hawezi kukinga na kupiga kwa wakati mmoja, upande wake mmoja uko wazi, na panga lake ni kipande tu, kwa hiyo lazima aingie ndani ya urefu wa silaha ya adui. Kila pigo la filamu ile linatokana na upungufu huo. Hivi ndivyo steringi anavyojengwa: kwa kile asichoweza kukifanya.

Mwaka 1975 Lau akaanza kuongoza filamu zake mwenyewe, na hapo mpangaji na mwongozaji wakawa mtu mmoja. The 36th Chamber of Shaolin ya 1978, akiwa na mwigizaji Gordon Liu, sehemu kubwa ni mafunzo: kubeba ndoo za maji huku mikono imenyooshwa na visu vimefungwa chini yake, kugonga kengele kwa mti mrefu ulioshikwa mwishoni, kufuata mshumaa kwa macho bila kugeuza kichwa. Kila zoezi linarudi baadaye kama pigo. Lakini tungemshauri msomaji anayetaka kuona kupanga kwa usafi wake atafute Martial Club ya 1981, pambano la mwisho kati ya Gordon Liu na Wang Lung-wei. Linafanyika ndani ya kichochoro kinachozidi kuwa chembamba. Mwanzoni pana nafasi ya mateke na mikono mirefu; ukuta unaposogea, mateke yanakufa, viwiko vinaingia, kisha hata kugeuka kunakuwa kazi. Mitindo inabadilika kwa sababu nafasi imebadilika, na mtazamaji anaelewa bila kuambiwa. Adui hafi. Kamera haihitaji hila kwa kuwa wote wawili wanajua wanachofanya na wanaonekana utosini hadi kidoleni. Anayesema filamu hizi ni kukimbiza picha tu alitazame pambano hilo, kisha atuandikie.

Bruce Lee je? Tofauti yake na wengi ni kwamba alikuwa steringi aliyejipangia. Tofauti hiyo unaweza kuipima. Katika The Big Boss ya 1971 mpangaji aliyetajwa ni Han Ying-chieh, ambaye pia anacheza bosi mwenyewe, na ndiyo maana mna miruko ya trampolini isiyofanana na Lee unayemjua. Katika Way of the Dragon ya 1972 Lee aliandika, akaongoza na kupanga. Miruko ile imetoweka. Pambano na Chuck Norris ndani ya Colosseum, ambalo kwa sehemu kubwa lilipigwa kwenye seti Hong Kong, linaanza kwa wote wawili kunyoosha viungo bila haraka. Lee anapigana kwanza kwa mkao mgumu, anapigwa, anaanguka. Kisha anabadilisha miguu, anaanza kudundadunda, anavunja mwendo wa mwenzake, na kuanzia hapo Norris hamfikii. Picha ni pana, mwili mzima, vipande virefu kuliko kawaida ya wakati ule. Huwezi kulieleza pambano hilo kwa kusema Lee alikuwa na kasi. Kasi anayo tangu dakika ya kwanza, na bado anapigwa.

Na kizazi kilichofuata kifo chake cha Julai 20, 1973 hakikutokea hewani. Sammo Hung, Jackie Chan, Yuen Biao, Yuen Wah na Corey Yuen wote walilelewa katika shule moja ya opera ya Beijing chini ya mwalimu Yu Jim-yuen, Hong Kong. Walikuwa tayari wako ndani ya filamu za Lee kabla majina yao hayajajulikana: Sammo ndiye anayepigana naye mwanzoni mwa Enter the Dragon. Mwaka 1978 Yuen Woo-ping, mtoto wa mwigizaji wa opera, alimwongoza Chan katika Snake in the Eagle's Shadow na Drunken Master, na babake Yuen akacheza mwalimu mzee katika zote mbili. Ulevi ule umepangwa kwa hesabu kali kuliko mtindo mwingine wowote, maana mwili lazima uonekane unaanguka huku uzito uko pale pale juu ya mguu uliosimama. Anayelewa kwa kuyumba tu anaonekana amelewa, hapigani. Yuen huyo ndiye baadaye aliyepanga mapigano ya The Matrix mwaka 1999.

Kabla ya kumaliza, kuna jambo la kioo, yaani umbo la skrini. Picha iliyoambatana na makala yenu inaonyesha mpiganaji mmoja na ncha ya fimbo ikitokea pembeni, haina mwenyewe. Inaelekea mliichukua kutoka nakala iliyokatwa. Filamu za Shaw za miaka hiyo zilipigwa kwa upana wa 2.35 kwa 1. Kanda za video zilizikata ziingie kwenye televisheni za zamani za 1.33 kwa 1, na hapo asilimia 43 ya picha ilitupwa. Wawili waliopangwa kusimama kwenye kingo mbili wakawa mmoja anayepigana na hewa. Kwenye televisheni za sasa za 1.78, nakala iliyokuzwa kujaza kioo bado inapoteza karibu robo. Mistari myeusi juu na chini si kasoro, ndiyo dalili kwamba mnaona kila kitu. Katika nchi zilizotumia televisheni ya fremu 25, filamu ilikimbizwa tena kwa asilimia 4 na kanda yenyewe, bila mpangaji kuhusika. Huenda nusu ya lawama za kukimbiza picha zinatokana na kanda hizo. Kampuni ya Celestial Pictures ilinunua hazina ya Shaw, filamu zaidi ya 700, mwaka 2000 na kuanza kuzisafisha, hivyo nakala kamili zipo. Ila baadhi ya matoleo yake yaliwekewa vishindo vipya badala ya vya zamani. Palipo na chaguo la sauti ya mono, yaani ya mkondo mmoja kama ya zamani, chagueni hiyo.

Tunachoomba ni kidogo. Kwenye kisanduku cha maelezo mnachokiweka chini ya kila filamu, ambacho sasa kina mwongozaji, waigizaji na mwaka, ongezeni mstari wa mpangaji wa mapigano. Jina huwa limeandikwa mwanzoni mwa filamu, kwa kawaida karibu na la mwongozaji. Tuzo za Filamu za Hong Kong zilianza kuutambua ufundi huo mwaka 1983, na ya kwanza ilikwenda kwa The Prodigal Son, filamu ya Sammo Hung kuhusu Wing Chun, mtindo mmojawapo wa kung fu. Oscar wametangaza kwamba watatoa tuzo ya kusanifu sarakasi na mapigano kuanzia filamu zitakazotoka 2027. Ukurasa wenu unaweza kuwatangulia wiki ijayo.

Na sahihisho moja la maelezo ya picha. Mmeandika kwamba Bruce Lee anapiga samasoti ya kinyumenyume katika Enter the Dragon. Anayeonekana hapo akiwa hewani ni Yuen Wah, aliyekuwa akimwakilisha Lee katika sarakasi. Lee anarudi kwenye picha miguu ikishagusa chini.

Wasomaji wenu,
Wapenzi wa filamu za kung fu